Dole la Gulbani Juu ya Kitabu

Ufunguo wa Jokia Gulbani una urefu wa kiganja cha mtu mzima, na katika kijiji anachoishi hakuna mlango wala sanduku unaloweza kulifungua. Umetundikwa jikoni, juu ya jiko la kuni, kwenye msumari mmoja na kalenda ya duka la mbegu. Mgeni akiudhania pambo hurekebishwa papo hapo, na kwa kawaida anayemrekebisha ni Tsiuri, mke wa Jokia. Jokia mwenyewe haoni kama jambo hilo linahitaji maelezo.

Kufuli la ufunguo huo liko milimani Svaneti, kaskazini mwa Georgia, safari ya kutwa nzima kwa gari, ndani ya kanisa la kijiji cha Latsgari. Kanisa ni dogo kiasi kwamba wachelewaji husikiliza ibada wakiwa wamesimama nje kwenye nyasi. Ukutani kuna sanduku la mwaloni, na ndani yake kuna Injili Nne iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama, miaka kama mia tisa iliyopita, ikavishwa jalada la fedha. Sanduku lina makufuli mawili, moja la ukoo wa Ratiani, jingine la ukoo wa Gulbani. Ukoo mmoja peke yake haufungui kitu. Mababu walipanga hivyo kwa sababu waliaminiana kama majirani wanavyoaminiana, yaani kwa kiasi.

Jokia alizaliwa Latsgari, na angezeekea huko kama si theluji. Alikuwa kijana bado, hajaoa, majira ya baridi ambayo mlima uliporomosha mzigo wake wote juu ya upande wa mashariki wa kijiji. Kina Gulbani walipoteza nyumba, mnara wa ukoo, ng'ombe na bibi mmoja aliyekataa kutoka. Serikali iliwapa walionusurika nyumba huku tambarare, karibu na Bolnisi, ambako viazi huota bila kubembelezwa na hakuna kitu cha kukuporomokea. Baba yake Jokia alishuka na watoto, magodoro mawili na ufunguo. Kina Ratiani, ambao theluji iliwapita, walibaki.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi wa saba, siku ya kitabu, Gulbani mmoja hupanda kwenda kufungua. Zamani alikuwa baba, na baba alipofariki akawa Jokia, na hajawahi kukosa. Mwaka mmoja alipanda akiwa na mguu kwenye plasta, akasukumwa mlima wa mwisho ndani ya toroli.

Siku nyingine za mwaka analima viazi na kutengeneza misumeno ya mashine. Msumeno mmoja, wakati ule akiwa bado Latsgari, ulimla ncha ya dole gumba la mkono wa kulia. Ukucha ulipoota tena uliota umekwenda upande, mnene, kama kwato ya mbuzi. Dole hilo tutalihitaji baadaye.

Kitabu kina taratibu zake. Mkono wa Gulbani huinua ukurasa, mkono wa Ratiani huupokea na kuulaza. Na muda wote kitabu kikiwa wazi, mkono wa Gulbani hautoki juu yake. Zaidi ya mikono hiyo, hakuna kinachoruhusiwa kugusa ngozi ile, iwe glavu, kioo au kijiti. Hakuna anayejua sababu, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuitafuta.

Mwaka juzi, wakati wa kupanda viazi, alipigiwa simu na Chichiko Ratiani. Chichiko ndiye mwenye ufunguo wa pili. Walikua pamoja, waliiba matufaha pamoja, na Chichiko ndiye baba wa ubatizo wa Marekhi, binti pekee wa Jokia.

"Umekaa?" Chichiko aliuliza.

"Nimesimama. Nina msumeno wa mtu mkononi."

"Uweke chini. Kijiji kimekaa kikao. Kitabu kitapigwa picha, ukurasa mmoja mmoja. Anakuja dada kutoka Tbilisi, kwenye taasisi ya maandiko ya kale. Baadaye kinawekwa mtandaoni, mtu yeyote anakiona kwenye simu yake."

"Mtu yeyote nani?"

"Yeyote. Mjapani. Mwarabu. Wewe."

"Mimi nakiona kila mwaka."

"Basi wewe usitazame. Siku ya kitabu ikiisha, unabaki siku mbili tatu, tunaliacha sanduku wazi, dada anafanya kazi yake."

"Siku ya kitabu nitakuja, nitafungua, nitafunga. Baada ya hapo nina viazi vya kuvuna."

"Tuachie ufunguo, wewe urudi kwenye viazi vyako."

"Ufunguo si jibini, Chichiko. Hauachwi kwa jirani."

"Basi nitalikata hilo kufuli."

"Kwa msumeno gani? Wako niliutengeneza mimi. Ukifika kwenye kufuli langu utazima wenyewe."

Chichiko alicheka, akakata simu. Jokia hakucheka. Aliingia ndani, akaketi mezani kula supu yake, na Tsiuri akamtazama mpaka ilipoisha.

"Baba Marekhi," alisema, "hivi ni viazi kweli?"

"Ni viazi."

"Unaogopa hawatakuita tena."

Jokia alisema supu ilikosa chumvi.

Tsiuri alikuwa amelenga panapouma. Nyumba ya kina Gulbani kule Latsgari ilikwenda na theluji, na shamba lao leo ni kichaka cha misonobari. Kilichobaki kinachomfanya Jokia awe mtu wa Latsgari, na si mgeni anayepita kusalimia makaburi, ni kwamba mara moja kwa mwaka kijiji kizima husimama mbele ya sanduku na hakiwezi kuendelea mpaka yeye atoe ufunguo mfukoni. Ikiwa kila mtu duniani anaweza kukifungua kitabu kwa kidole akiwa kitandani kwake, nani atamsubiri mtengeneza misumeno wa Bolnisi? Ufunguo utabaki kuwa kile ambacho wageni hukidhania.

Kwa hiyo alishikilia viazi. Chichiko alipiga simu tena na tena, akatania, akabembeleza, akamtishia kujivua ubaba wa ubatizo. Jokia alijibu kwa hali ya hewa na bei ya mbolea.

Aliyelimaliza jambo hili ni bibi mmoja wa Kiitaliano ambaye hajawahi kukanyaga Georgia.

Marekhi anafanya kazi Bari, akimtunza Bi Addolorata, mjane wa mwenye duka la vitambaa. Hajapanda Latsgari kwa miaka mingi. Likizo yake ni fupi na safari ni ndefu. Kila Jumapili hupiga simu ya video, na wazazi wake huiegemeza simu kwenye mtungi wa maji katikati ya chakula.

"Baba, nasikia umegoma," alisema Jumapili moja.

"Sijagoma. Nina viazi."

"Sawa. Basi nisaidie jambo jingine. Nimemsimulia bibi yangu hapa habari za kitabu. Nimemwambia Mathayo wetu amechorwa amekaa anaandika, mguu mmoja umevaa kiatu cha buluu, mwingine uko peku. Haamini."

"Haamini nini? Kiatu?"

"Haamini kitabu. Anasema kila mwanamke anayetoka mbali kuja kumwosha yeye, kwao kuna kasri. Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa na babu jenerali."

Jokia aliweka uma chini.

"Kasema sisi waongo?"

"Kasema kwa upole. Aliniongezea tambi."

Tsiuri aligeukia jiko, akaanza kupangusa mahali palipokuwa pamekwisha kupanguswa.

"Ana umri gani huyo bibi?" Jokia aliuliza.

"Tisini na moja."

"Macho?"

"Anaona. Akitaka."

"Mwambie asife kwanza," Jokia alisema, akanyanyuka kwenda kumpigia Chichiko.

Maongezi hayo yalikuwa mafupi. Jokia alisema atabaki siku zitakazohitajika na viazi vitavunwa na shemeji yake. Lakini utaratibu ni utaratibu, na mkono wake hautatoka juu ya kitabu.

"Nani kakwambia uutoe?" Chichiko alisema.

Hakujua alichokuwa anakiahidi.

Pikria Kaldani, mpiga picha wa taasisi, alifika Latsgari siku moja kabla ya sikukuu na gari lililojaa betri, taa zisizo na joto na stendi ya kamera yenye miguu mizito. Ni mwanamke mfupi, mpole wa sauti, kama watu waliozoea kufanya kazi kwenye vyumba ambamo kuongea sana ni kosa. Hakumwomba Jokia kitu. Siku ya kitabu alisimama nyuma kama mgeni mwingine yeyote, akawasha mshumaa wake, akala mkate wa nyama aliopewa, akanywa alichotakiwa kunywa. Watu walikuwa wachache. Wachelewaji wote walienea ndani, na Jokia aliliona hilo kabla hajakifungua kitabu.

Kesho yake kazi ilianza kwa mabishano. Pikria alikuwa na kitanda kidogo cha mbao, kilichokunjwa katikati na kutandikwa kitambaa kinene, ili kitabu kilale nusu wazi bila kuumia mgongo. Wale walinzi wawili wa funguo walikizunguka kitanda hicho kama watu wanaonunua ng'ombe. Je, kitanda kinagusa ngozi? Kinagusa jalada. Jalada ni fedha. Fedha si ngozi. Baada ya sehemu kubwa ya asubuhi kitanda kilikubaliwa.

Jokia aliinua ukurasa wa kwanza. Chichiko aliupokea, akaulaza, akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Alikuwa amevaa koti la harusi, na aliona mkono kuonekana kwenye picha ya kitabu kitakatifu ni utovu wa adabu. Mkono wa Jokia ulibaki pale pale.

"Mzee Jokia," Pikria alisema, jicho kwenye kamera, "toa kidole."

"Siwezi."

"Sekunde moja tu, nipige."

"Kitabu kiko wazi."

"Naona kiko wazi. Ndiyo maana nataka kukipiga."

"Kikiwa wazi, mkono wangu uko juu yake. Ukitaka niutoe, nitakifunga kwanza. Halafu utapiga jalada."

"Mimi wangu nimeutoa bila kuombwa," Chichiko alisema. "Kina Ratiani hatuna makuu."

"Wewe kazi yako kulaza. Hata upepo unalaza."

Pikria aliketi kwenye ngazi ya mlango. Alisema kwenye nyumba za watawa amewahi kuambiwa avue viatu, afunge kula, afanye kazi bila kutamka neno, na mahali pamoja alitakiwa aombe radhi kwa kila ukurasa kabla ya kuupiga. Hili la kidole lilikuwa jipya. Halafu akauliza swali ambalo Jokia hakulitarajia.

"Utaratibu unasema mkono mzima, au sehemu ya mkono?"

Walinzi walitazamana. Mababu hawakuwa wamelifikiria.

"Sehemu ya mkono ni mkono," Chichiko alitoa hukumu. "Mtu akikushika kidole, amekushika."

"Basi kidole kimoja," Pikria alisema. "Chini, pembeni kabisa, pasipo na maandishi. Na kisisogee."

Walijaribu cha shahada; kilitetemeka. Walijaribu cha mwisho, hakikuweza kuishinda ngozi, ambayo hukunjamana ikipata hewa. Likabaki dole gumba, na likatulia kama jiwe. Hivyo ndivyo Injili ya Latsgari ilivyopigwa picha, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kila ukurasa ukiwa na dole la Jokia pembeni, na ukucha wake wa kwato.

Kuna jambo walinzi wale hawakuwa wamemwambia mtu. Siku ya kitabu hufunguliwa kurasa zile zile chache, zinazotakiwa na ibada. Nyingine zote, Jokia hakuwa amewahi kuziona, wala baba yake. Sasa zilimpita mikononi moja moja. Kulikuwa na tone la nta la mshumaa uliozimika karne nyingi kabla ya babu wa babu yake. Kulikuwa na tundu kwenye ngozi, limeshonwa kwa uzi mwekundu. Na ndani ya Luka, ukingoni, mahali ambapo mwandishi pengine alichoka, kulikuwa na jogoo mdogo aliyechorwa kwa wino, mdomo wazi, amesimama kwa mguu mmoja.

Wazee wawili waliinama, paji kwa paji.

"Kumbe muda wote tulikuwa tunalinda jogoo," Chichiko alisema.

"Mnene," Jokia alisema.

"Wa enzi zile walikuwa wanene."

Walipofika kwa Mathayo, Jokia aliomba kuiona picha kwenye kioo cha kamera. Alikitazama kiatu kwa muda. Akauliza kama buluu hiyo itabaki buluu ikifika Italia. Pikria alisema itabaki. Jokia akamwomba aipige tena hata hivyo, kwa tahadhari, na Pikria akaipiga tena.

Majira ya majani kupukutika, Pikria alimpigia simu nyumbani. Alieleza kwamba taasisini, picha ikiwa na kidole, kwa kawaida hukatwa ukingo au kidole hufutwa kwa kompyuta. Wenzake walikuwa tayari wameanza.

"Kina Gulbani wakifutwa," Jokia alisema polepole, "kitabu kitakuwa kimefunguliwa na nani?"

"Ndivyo nilivyowauliza," Pikria alisema. "Wameacha."

Chini ya picha waliandika mstari mmoja: ukurasa umeshikwa na mlinzi wa ufunguo, wa ukoo wa Gulbani, kwa desturi ya Latsgari. Jokia aliomba asomewe. Kisha akaomba Tsiuri naye asomewe.

Picha zilifunguliwa kwa umma katikati ya baridi. Siku ya kwanza hakuna kilichotokea, na Jokia alikwenda kulala akiwa na uso wa mtu aliyekuwa akijua hivyo tangu mwanzo. Siku ya pili, akiwa karakana, simu iliita. Namba ilikuwa ya Ugiriki.

"Wewe ni Jokia wa juu kisimani?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Besarion, mtoto wa fundi seremala. Naendesha teksi Thesaloniki. Nimeliona dole lako."

"Umekiona kitabu?"

"Kitabu nitakitazama baadaye. Dole nimelijua palepale. Nilikuwepo msumeno ulipolila, mimi ndiye niliyekimbia kuita watu. Mwanangu haamini, nikamwambia subiri nimpigie mwenye dole."

Baada ya Besarion walipiga wengine: mwalimu wa Rustavi, muuguzi wa Warsaw, binamu wawili waliokuwa hawasemezani na ambao kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kumwambia. Watu wa Latsgari, ambao theluji na maisha viliwatawanya, walikuwa wakikifungua kitabu cha kwao na kukuta pembeni mtu wanayemfahamu. Walianza na dole, wakaenda kwenye jogoo, na karibu wote waliishia kwenye swali moja: siku ya kitabu mwaka huu inaangukia lini? Tsiuri alisema meza ya jikoni imegeuka ofisi na hakuna anayemlipa karani.

Chichiko hakufurahi.

"Kurasa zote zile," alisema kwenye simu, "na hakuna hata kucha ya Ratiani. Nilificha mikono kama mstaarabu, sasa dunia nzima inadhani kitabu ni cha kwenu."

"Ulisema hamna makuu."

"Nilisema mbele ya mgeni."

Na Jumapili, Marekhi aliigeuza simu ikatokea sura ya Bi Addolorata, mdogo kama kinda, miwani mikubwa, amejifunga shali. Alizungumza kwa muda mrefu, akinyoosha kidole kwenye kitu kisichoonekana. Jokia alikaa wima kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Anasema kiatu ni cha kweli," Marekhi alitafsiri. "Anaomba radhi."

"Kasema maneno mengi kuliko hayo."

"Anasema buluu ile hata mumewe hakuwahi kuiuza."

"Na nini tena?"

"Baba, usikasirike. Anauliza, mtu mwenye kazi ya heshima namna hiyo, kwa nini hakati kucha?"

Tsiuri ilibidi akalie gunia la viazi kwa kicheko.

Mwezi wa saba mwaka jana, jioni ya kuamkia safari, Jokia alitoa mkasi wa kukatia bati, akakaa ukumbini na kulishughulikia dole gumba lake, akilalamika, mpaka likawa dole la kawaida kadiri ilivyowezekana. Kisha akauondoa ufunguo msumarini.

Latsgari ilikuwa na magari hadi darajani. Marekhi alikuwa amekuja. Bi Addolorata alimpa likizo kwa sharti amletee picha ya karibu zaidi ya jogoo. Mstari ulitoka mlango wa kanisa ukazunguka ukuta, wachelewaji na wasio wachelewaji. Wengi wao, waliozaliwa tambarare au ng'ambo, hawakuwa wamewahi kukiona kitabu chenyewe, na wote walikuwa wamekwisha kukiona chote. Hilo halikumzuia hata mmoja kusubiri.

Makufuli yalifunguliwa. Jokia aliinua ukurasa, Chichiko akaupokea na kuulaza, na safari hii hakurudisha mkono. Aliutandaza wazi juu ya ngozi, pete ya ndoa ikimeremeta, akatazama huku na huku kuona nani ana kamera.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Besarion wa Thesaloniki na mwanawe. Besarion aliinama. Alikitazama kitabu, akalitazama dole, akatoa simu mfukoni na kuvilinganisha.

"Silo hili," alisema.

"Ndilo," Jokia alisema.

"La kwenye simu lina kwato."

"Nimelikata."

"Limekatwa lini?"

"Juzi. Sogea, kuna watu nyuma yako."

Besarion hakusogea. Alimgeukia Chichiko kama mtu anayemwita shahidi, na nyuma yake mstari ulianza kunong'onezana kwamba aliyesimama pale huenda si Gulbani mwenyewe. Chichiko aliliacha jambo likomae kidogo, kwa raha zake, kabla ya kusema.

"Ni yeye," alisema. Kisha akamwinamia Jokia sikioni, lakini si kwa sauti ya sikioni. "Mwakani uje na ukucha wako kama ulivyo, bwana. Vitu vya kale havikatwi."